MTOTO AKIJA NI DAMU YA BABA, ASIPOKUJA KOSA LA MAMA? LEO TUONGEE MBEGU ZA KIUME

Leo tuweke pembeni kidogo mambo ya nani kaachana na nani na nani kanunuliwa gari. Kuna ishu ipo mtaani, ipo majumbani, ipo hata kwa hao mastaa tunaowafuatilia kila siku, ila watu wanaiongelea kwa kunong'ona. Ishu yenyewe ni mbegu za kiume. Naomba tuelewane mapema, sijasema nguvu za kiume. Nimesema mbegu. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kulikomtesa dada yangu wa damu kwa miaka mitano.

Dada aliolewa na jamaa mmoja ambaye wengi wenu mmeshamuona. Simtaji, na mwenyewe amenipa ruhusa nisimulie kwa sharti hilo. Ukienda kwenye matamasha makubwa hapa Dar huwa anasimama mbele ya jukwaa, tisheti nyeusi, kifua kama mlango wa stoo. Wasanii wanapiga naye picha. Wasichana wanamtumia ujumbe usiku. Yaani ukisema neno "dume" mtaani kwetu, watu wanamfikiria yeye. Ni mtu mzuri pia, sio kwamba nimekuja kumsema vibaya. Mimi namwita shem, naye ananiita shem.

Mwaka wa kwanza wa ndoa ulipita, watu wakasema wanafaidi ujana. Mwaka wa pili mawifi wakaanza kuuliza uliza. Mwaka wa tatu maneno yakawa ya wazi. Wifi mmoja alisema kwenye msiba, watu wanakula, kwamba kaka yake ameoa mtu wa kumjazia choo tu. Wanawake mnaosoma hapa mnajua neno hilo linavyochoma. Dada alinawa mikono akaondoka bila kumaliza chakula.

Sasa hesabuni wenyewe. Katika miaka hiyo dada alipigwa ultrasaundi sijui mara ngapi. Alipimwa homoni. Alifanya kile kipimo cha mirija ya uzazi, wanaingiza dawa kwenye kizazi halafu wanapiga eksirei kuona kama imepita, na aliniambia yale maumivu hajawahi kuyasahau. Alipelekwa kwa mama mmoja wa mitishamba akanyweshwa vitu vichungu mwezi mzima. Majibu yake ya hospitali yote yalikuwa yanasema yuko sawa. Shem alikuwa amefanya vipimo vingapi? Hakuna. Hata kimoja. Na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu ukimtazama tu unaona yuko fiti.

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa nesi. Dada alikuwa peke yake kwenye foleni kama kawaida, nesi akafungua faili lake lililonenepa, akamtazama, akasema, "Dada, mbona hapa sioni karatasi ya baba?" Basi. Swali moja.

Dada alipolifikisha nyumbani, shem alikasirika. Jibu lake lilikuwa lile ambalo wanaume wengi mngelitoa: "Mimi ni mzima, na wewe mwenyewe unajua." Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Alikuwa anaongelea nguvu. Nguvu ni damu na mishipa ya fahamu, ni uwezo wa kusimama na kufanya tendo. Mbegu ni mambo mengine. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu za simba na asiwe na mbegu hata moja. Na mwingine anaweza kuhangaika na nguvu huku mbegu zake ni nzima kabisa.

Tena kuna watu wanaangalia shahawa kwa macho wanajipa matokeo. Utasikia, "mimi yangu ni mazito." Mdau, mbegu hazionekani kwa macho. Sehemu kubwa ya ile shahawa ni maji maji yanayotoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya ule ujazo. Ndio maana mwanaume aliyefunga uzazi kwa upasuaji mdogo, yaani vasektomi, bado anatoa shahawa kama zamani na ukitazama hutaona tofauti. Uzito, wingi, rangi, vyote hivyo havikupi hesabu. Hesabu inatolewa na darubini tu.

Na hiyo darubini ina historia yake tamu. Mtu wa kwanza kuandika kwamba ameziona mbegu za kiume zikiogelea alikuwa Mholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, mwaka 1677. Hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa muuza vitambaa wa mji wa Delft ambaye alijifunza mwenyewe kutengeneza lenzi. Sisi tulioishia sekondari tunampenda bure. Lakini na yeye alichemka sehemu moja, aliamini kwamba mtoto mzima anatoka kwenye mbegu ya baba na mama kazi yake ni kulea tu. Yai la mamalia lilikuja kuonekana kwa darubini mwaka 1827, miaka 150 baadaye, na aliyeliona ni Karl Ernst von Baer.

Mimi nikisoma hayo nacheka kwa uchungu, kwa sababu mtaani kwetu tumechukua nusu ya ule ubishi wa zamani tukaugeuza vibaya zaidi. Mtoto akija, "damu ya baba hiyo, ona pua." Asipokuja, "mwanamke ni tasa." Faida ya baba, hasara ya mama. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti mwaka 2023 likasema karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukutana na tatizo la kutopata ujauzito katika maisha yake. Na kwa wanandoa wanaohangaika, karibu nusu yao upande wa mwanaume unahusika, ama peke yake ama pamoja na wa mwanamke. Nusu! Halafu foleni za kliniki zimejaa kina dada peke yao.

Turudi kwa shem. Zilipita wiki mbili hivi. Jioni moja akanipigia, sauti chini, akasema, "Shem, kesho una kazi? Nisindikize mahali." Nikajua.

Wadau, acha niwaeleze kipimo chenyewe kilivyo maana najua wengi mnaogopa kitu msichokijua. Hakuna sindano. Hakuna kuchanwa. Unaambiwa ukae bila tendo na bila kujichua kwa siku zisizopungua 2 na zisizozidi 7. Ukizidisha sio kwamba zinajaa zaidi ndio vizuri, zinazeeka humo ndani na mwendo wake unashuka. Unapewa kikopo kisafi cha maabara. Unaingia chumba cha faragha, unatoa mwenyewe kwa mkono. Usitumie mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, maana vinaweza kuziharibu mbegu. Shahawa yote iingie kwenye kikopo, hasa ile ya mwanzo kabisa kwa sababu ndio yenye mbegu nyingi, na ikimwagika ukweli ni kumwambia mhudumu. Ukitolea nyumbani, unatakiwa ufike maabara ndani ya saa moja, na kikopo unakiweka karibu na mwili kipate joto. Usikiweke kwenye friji kama juisi.

Shem aliingia mle chumbani akakaa dakika arobaini. Mimi nje nimekaa kwenye benchi na mzee mmoja aliyekuwa ananiangalia kwa huruma akidhani mgonjwa ni mimi. Shem alipotoka jasho linamtiririka. Akaniambia, "Shem, bora nizuie mashabiki elfu kumi kuliko kile kikopo." Tulicheka pale. Gharama ya kipimo ilikuwa ndogo kuliko kopo moja la ule unga wa kujenga mwili anaonunua kila mwezi. Miaka mitano dada analia, na kipimo cha kuanzia kilikuwa cha bei hiyo.

Majibu tulifuata kesho yake. Karatasi ilikuwa na mistari mingi ila mmoja ndio uliosimama: idadi ya mbegu, sifuri. Mhudumu akasema itabidi kipimo kirudiwe kabla ya kuthibitisha, kwa sababu karatasi moja haitoshi kumhukumu mtu. Kikarudiwa baada ya wiki kadhaa. Sifuri tena. Kitaalamu hali hiyo inaitwa azospemia, na inakadiriwa kumpata mwanaume 1 kati ya 100. Kwenye bajaji ya kurudi shem hakusema neno hata moja. Alikuwa ameshika ile bahasha kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba yai.

Sasa kabla sijaendelea, nyie mnaojiuliza sifuri ni sawa, lakini ya kawaida ni ngapi? Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unasema mstari wa chini ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita moja, au jumla milioni 39 kwa shahawa yote ya mara moja. Ujazo usipungue mililita 1.4. Zinazotembea ziwe angalau asilimia 42. Na zenye umbo zuri, shikeni viti, ni asilimia 4 tu. Ndio, hata mwanaume mzima kabisa, mbegu zake nyingi zina kasoro ya kichwa au mkia. Kwa hiyo ukiona karatasi imeandikwa asilimia 5 au 6 usizimie.

Halafu ule mstari usiuchukulie kama mtihani wa kufaulu na kufeli. Wataalamu walichukua wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, wakapima mbegu zao, wakawapanga kuanzia wa chini mpaka wa juu. Mstari ukachorwa pale penye asilimia 5 ya chini. Maana yake hata chini ya mstari walikuwepo kina baba, tena waliopata mimba ndani ya mwaka. Ukiwa chini, nafasi inapungua na huenda ukasubiri zaidi, ila hujafungiwa mlango. Na ukiwa juu sana sio cheki ya uhakika, kwa sababu bado kuna yai, kuna mirija, kuna siku zenyewe.

Mtu atauliza, mbegu moja tu ndiyo inayoingia kwenye yai, mamilioni ya nini? Ni safari, ndugu zangu. Ukeni kuna tindikali inayoua nyingi mapema. Kwenye mlango wa kizazi kuna ute unaozuia, ukiondoa zile siku karibu na yai kutoka. Nyingine zinapotea njia, nyingine zinaingia mrija usio na yai. Kati ya mamilioni yaliyoanza, zinazofika karibu na yai ni mamia tu. Ni kama watu wa mbagala wote wakimbilie daladala moja. Zile zilizofika zinaweza kuishi ndani ya mwanamke mpaka siku 5, lakini yai likishatoka linaishi kati ya saa 12 na 24 tu. Ndio maana wanandoa wanashauriwa kukutana kila baada ya siku mbili tatu badala ya kusubiri siku moja ya kalenda.

Kwa shem tatizo halikuwa la safari. Hakukuwa na abiria. Daktari alimkalisha akamwuliza maswali mengi kuliko polisi. Umewahi kuugua matumbwitumbwi ukiwa umeshabalehe? Kisonono je, na kilitibiwa? Umefanyiwa upasuaji wa ngiri? Korodani zote zilishuka ulipokuwa mdogo? Kazi yako ina joto kali? Unavuta? Unakunywa kiasi gani? Akampima kwa mkono kuangalia kama mishipa ya damu juu ya korodani imevimba, ile hali wanayoiita varikosili, ambayo wanaume wengi wanayo bila kujua na ni moja ya sababu kubwa za mbegu kupungua. Alieleza kwamba sifuri zipo za aina mbili. Kuna kiwanda kinafanya kazi ila barabara imeziba, mara nyingi ni makovu ya maambukizi au upasuaji, au mtu kazaliwa hivyo. Na kuna barabara iko wazi ila kiwanda kimesimama.

Mwisho akauliza, "Huo mwili umeujenga kwa chakula peke yake?"

Shem akanitazama. Akatazama chini. Akasema kuna sindano wanachoma pale jimu, zinaletwa na mtu, wanachoma karibu wote. Anazitumia tangu kabla ya ndoa.

Hapa naomba vijana wa kupiga chuma mnisikilize vizuri kwa sababu hakuna mtu atakayewaambia kule. Zile sindano nyingi ni testosteroni au ndugu zake. Testosteroni ni homoni ya kiume, kwa hiyo mtu anafikiri akiiongeza anakuwa mwanaume zaidi. Kwenye misuli, sawa. Kwenye uzazi ni kinyume chake. Kuna tezi ndogo chini ya ubongo ambayo kazi yake ni kuzituma korodani zitengeneze homoni na mbegu. Ukijichoma ya nje, ile tezi inaona mwilini imejaa, inasema hapa hakuna haja ya kuagiza tena. Inanyamaza. Korodani zikikosa amri zinalala, zinasinyaa, na mbegu zinakata. Homoni ya kwenye damu iko juu, ila ile inayotakiwa ndani ya korodani zenyewe kutengenezea mbegu imeshuka vibaya.

Hii sio hadithi ya vijiweni. WHO yenyewe ilisimamia utafiti uliochapishwa mwaka 1990, wanaume wazima kutoka nchi mbalimbali wakachomwa testosteroni kila wiki kuona kama inaweza kuwa njia ya uzazi wa mpango. Zaidi ya nusu yao mbegu zilifika sifuri ndani ya miezi 6. Mmeelewa? Kitu ambacho wanasayansi walikijaribu kama kinga ya mimba, kijana anajichoma jimu halafu anashangaa mke hashiki mimba. Na mke ndiye anaitwa tasa.

Kwa hiyo yule dume wa mtaa, ule mwili uliofanya watu wote wamuone dada ndio mbovu, mwili wenyewe ndio ulikuwa ushahidi na tulikuwa tunaupigia makofi.

Daktari alimpima homoni kwa damu, akamwambia sindano basi, lakini aache chini ya uangalizi kwa sababu mwili uliozoea ya nje ukikatiwa ghafla unaweza kuporomoka, uchovu, huzuni, hamu kupotea. Akamwambia pia ukweli ambao sio mtamu. Mbegu moja kutengenezwa kunachukua kama siku 74, ukijumlisha na kukomaa na kusafiri ni kama miezi 3. Kwa hiyo chochote unachobadilisha leo, usitarajie karatasi ya wiki ijayo ibadilike. Hata homa kali, malaria ile ya kukulaza, inaweza kushusha mbegu zako kwa miezi miwili mitatu halafu zikarudi. Waliotumia sindano wengi wao mbegu hurudi, ila huchukua miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka, na wapo ambao hazirudi kama zamani.

Shem aliacha. Misuli ikashuka. Watu wakaanza kumwambia "baunsa vipi, unaumwa?" na kuna tamasha moja hawakumuita. Mtu anayeishi kwa mwili wake, kumwona mwili unaondoka sio kitu kidogo. Baada ya miezi 3, sifuri. Baada ya miezi 7, mbegu zikaonekana, chache, milioni 2 kwa mililita. Dada alinitumia picha ya ile karatasi na emoji za kulia. Kipimo cha mwisho, mwaka na miezi kidogo tangu aache, ni milioni 11. Bado chini ya mstari. Mimba bado. Siwezi kuwadanganya kwamba wamepata mapacha ili stori iishe vizuri.

Ila kuna kitu kilitokea katikati hapo ambacho kwangu mimi ndio kikubwa kuliko hizo namba. Shem aliita kikao kwao. Hakutumwa, hakushauriwa. Alikaa mbele ya mama yake na dada zake, akasema, "Tatizo ni langu. Mke wangu alipimwa kila kitu yuko salama. Mimi nilijiharibu kwa sindano. Kuanzia leo sitaki kumsikia mtu akimsema." Nilikuwepo pale upande wa mke. Yule wifi wa msibani aliinuka akaenda jikoni, mpaka leo hajaomba radhi. Mama mkwe alinyamaza muda mrefu, akasema tu, "Mungu ni mkubwa, baba." Lakini usiku ule alimpigia dada simu. Hakuongelea kikao. Alimuuliza kama amekula. Dada anasema ilikuwa zaidi ya mwaka mzima hajaulizwa swali hilo na mtu wa ule ukoo.

Mimi nilipata funzo langu nikaenda kupima na mimi. Nina miaka 25, sijaoa, lakini nina mtu na tuna mipango. Namba yangu siitaji hapa. Sio kwa aibu. Ni kwamba nikitaja, atakuja mwingine ataje yake, tutaanza kushindana milioni na milioni, na tutakuwa tumerudi kule kule kwa kufanya mbegu kipimo cha uanaume. Hesabu ya mbegu ni kama presha. Ni hali ya mwili kwa wakati ule. Inapanda, inashuka, inatibika au haitibiki. Mwenye presha ya juu hatumwiti nusu mtu.

Sasa kwa wale waliopo kwenye hii vita, haya machache. Kama mnakutana mara kwa mara bila kinga na mwaka umepita bila mimba, nendeni hospitali. Kama mama ana miaka 35 au zaidi, msisubiri mwaka, miezi 6 inatosha. Nendeni wote wawili siku moja, na kipimo cha baba kifanyike mwanzoni, kwa sababu ndio chepesi na hakimuumizi mtu. Karatasi ikija mbaya, rudieni kabla ya kulia. Acheni sigara. Korodani zimekaa nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, kwa hiyo kazi za tanuri, maji ya moto na kompyuta mapajani kila siku sio rafiki. Kisonono kitibiwe hospitali mapema, na mwenza naye atibiwe. Na zile karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme, dawa ya nguvu za kiume, kurudisha mpenzi na mvuto wa biashara, namba ya simu moja, mganga mmoja, achaneni nazo. Mtu ambaye hajaweka shahawa yako chini ya darubini anatibu nini?

Hata kwa wenye mbegu chache sana kuna njia. Tangu mwaka 1992, madaktari wa Brussels walipotangaza watoto wa kwanza waliopatikana kwa kuchomeka mbegu moja ndani ya yai, mwanaume mwenye mbegu za kuhesabika anaweza kuwa baba. Ni ghali, kwa wengi wetu ni ndoto, shem na dada wenyewe wanaweka akiba taratibu. Lakini hakuna njia yoyote kati ya hizo inayoanza bila mwanaume kukubali kushika kile kikopo.

Nawauliza wanaume wa humu, bila utani: mke wako akikwambia kesho twende tukapime wote, utamjibu nini? Na kina dada, nani kati yenu alipimwa peke yake miaka na miaka? Dondosheni maoni yenu hapo chini, tumieni majina ya bandia kama mnaona aibu. Ila matusi kwa mwanamke yeyote asiye na mtoto nayafuta, na aliyeandika namfungia.